Askari wa Pembeni

Gelasius hakubisha hodi. Nyapara wa kambi habishi hodi kwenye nyumba ya Kampuni, maana kwa hesabu yake nyumba ni ya Kampuni na aliyemo ndani ni mgeni aliyesahau kuondoka. Alisukuma mlango kwa fimbo, akasimama kizingitini, akamkuta Ubaldo amechuchumaa anamsuka nywele binti yake mdogo, Josephina. Tena anamsuka vibaya.

"Kumbe siku hizi umekuwa mama," alisema Gelasius.

"Karibu, nyapara. Kaa."

"Sikai, nimetumwa. Unajua nyumba za mstari huu ni za wenye wake. Wewe huna mke."

"Nilikuwa naye. Amekufa, hakunikimbia."

"Kampuni haiulizi kaenda wapi. Inauliza yupo au hayupo." Gelasius aliangaza macho chumbani, akaona kanga ya marehemu bado imetundikwa msumarini, akahamisha macho haraka. "Bwana Filimbi amesema hivi: sikukuu ya Malkia ikipita, uhamie bweni la makapera. Na bwenini watoto hawaruhusiwi. Wapeleke kwao."

"Kwao ni hapa."

"Nimeshasema nilichotumwa," alijibu nyapara, akaenda zake huku fimbo ikigonga kila mlango aliopita, kama mtu anayehesabu mbuzi.

Regina, binti mkubwa, alikuwa pembeni anachagua mchele kwenye ungo.  Aliendelea kutoa mawe, lakini mawe yakaisha na vidole vyake vikawa bado vinatafuta.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa yakikatwa Mpanda, mwaka ule ambao Malkia wa Waingereza alivishwa taji. Mtu alikuwa anaingia shimoni na king'ora cha asubuhi, anatoka na vumbi la madini ya risasi hadi kwenye kope, na wakubwa walimjua kwa namba ya kibati chake. Verdiana, mkewe Ubaldo, alipougua, kibati hakikuugua, basi Ubaldo hakupewa ruhusa. Alipokufa alipewa siku ya kuzika. Sasa wamekumbuka kwamba marehemu alikuwa anakalia nyumba, na hilo peke yake ndilo lililowauma.

*

Mama mkwe alifika kwa lori la mchele kutoka Mamba, kwao Mpimbwe. Marsela alikuwa mwanamke mrefu, mkavu kama mwiko, na mila ya kwao aliishika vizuri: mkwe hamtazami mkwe usoni wala hasemi naye ana kwa ana. Alikaa uani, mgongo ameuelekeza mlangoni. Ubaldo akakaa ndani nyuma ya mlango. Regina akawekwa katikati, maneno yapitie kwake, ingawa kila mmoja aliyasikia kabla hajayarudia.

"Mwambie baba yako nimekuja kuwachukua nyie wajukuu zangu."

"Baba, bibi anasema..."

"Nimesikia. Mwambie bibi yako asubiri, shauri halijaisha."

"Mwambie baba yako shauri limeisha. Nyapara nimekutana naye njiani, amenieleza bila kumwuliza. Hata mzigo hajanipokea, kaanza kueleza."

"Mwambie bibi yako mimi nina watoto wawili tu, na wa tatu sina."

 Kuku wa jirani akapita katikati yao, akadonoa, akaondoka.

"Mwambie baba yako," Marsela alisema kwa sauti ya chini zaidi, "na mimi nilikuwa na Verdiana mmoja. Simlaumu. Lakini bweni la wanaume walevi si mahali pa kukuzia msichana. Na nyumba bila mwanamke, mwambie, hawatampa. Kule nyumbani yuko mdogo wake marehemu. Wazee wamekubali. Akimtaka, amchukue, nyumba itabaki."

Regina hakurudia maneno hayo. Alimtazama baba yake kupitia ufa wa mlango, na Ubaldo akajua kwamba mtoto ameelewa.

"Mwambie bibi yako namshukuru sana," Ubaldo alisema mwishowe. "Mwambie bado naisikia sauti ya marehemu humu ndani. Nikimleta binti wa watu atakaa na sisi watatu na mwenzetu aliyekufa. Si haki."

"Basi asubiri hiyo sikukuu yake," alisema Marsela. "Lori linarudi Mamba siku hiyo hiyo jioni. Nitakuwa ndani yake, na wao watakuwa ndani yake, labda Mungu aseme vingine."

*

Ubaldo hakuwa mjinga wa kungoja Mungu peke yake. Kulikuwa na jambo.

Kilabu cha wafanyakazi, kile kilichokuwa karibu na kisima, kilikuwa banda la mabati lenye mabenchi, gramafoni iliyokwisha sindano, na meza moja ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuwekea bia. Juu ya meza hiyo lilikaa bao la sataranji. Fundi mmoja Mzungu wa Polandi, aliyekimbia vita kwao akaishia kutengeneza winchi Mpanda, ndiye aliyewafundisha watu wachache mchezo huo, akaondoka kwenda Kanada na kete zake. Ubaldo alikuwa seremala wa shimoni, kazi yake kusimika magogo ya kushikilia paa. Alichonga kete nyingine, nyekundu za mninga na nyeupe za mti mweupe, na mchezo ukaendelea. Askari walibaki askari, padri akabaki padri. Farasi wakaitwa punda, maana punda watu waliwaona.

Enyi mliozaliwa juzi, mnaojua kilabu kuwa mahali pa kelele, hamkuziona jioni zile! Wanaume wanatoka kazini, wameoga, mashati yamepigwa pasi ya mkaa, wanasimama kuzunguka meza wakiwa wamefumbata mikono nyuma kama wako kanisani. Kete ikisogezwa, mtu mmoja anaguna. Basi. Umaskini ulikuwepo, lakini ulikuwa unangojea nje.

Ubaldo zamani alikuwa anafungwa na kila mtu. Siku moja alilileta bao nyumbani, akawa anacheza peke yake, na Verdiana, ambaye mchezo hakuujua, akasimama nyuma yake na sufuria mkononi.

"Mnapigania nini hapo katikati kama kuku waliotupiwa mahindi?" aliuliza.

"Katikati ndiko kwenye nguvu."

"Nani kasema? Kwetu Mpimbwe hata jaruba la mpunga hulianzi katikati. Unajenga kwanza tuta la ukingoni. Maji yenyewe yatajua pa kwenda."

Ubaldo alicheka, halafu akalifikiria. Tangu hapo hakuanza tena na askari wa mbele ya mfalme wala wa malkia. Alimsukuma askari wa pembeni, wa pili kutoka ukingoni, hatua mbili, na kwenye tundu aliloliacha akamweka padri, amejibanza karibu na kona anachungulia uwanja mzima mshazari. Kilabu kizima kilimcheka. "Mpimbwe kaanza kujenga tuta!" walisema. Walicheka mpaka walipoanza kufungwa.

Aliyecheka zaidi, na kufungwa zaidi, na kumfunga vilevile, alikuwa Telesphor. Huyu alikuwa Mkonongo, msukuma vigari vya mawe, kijana mwenye mabega ya ng'ombe na mdomo usio na mlango. Yeye na Ubaldo walikuwa watani, kama babu zao, Wakonongo na Wapimbwe, walivyotaniana kabla yao.

"Mla kiboko wewe," Telesphor angesema akikaa mezani. "Leo nakula padri, nakula punda, nakutapika wewe."

"Kaa vizuri, mwizi wa asali. Nyuki hawajakuuma vya kutosha leo?"

Na walikuwa na desturi yao pale kilabuni, sijui nani aliianzisha. Mtu akimla mwenzake malkia, husimama, hutoa mkono, na kusema kwa sura ya huzuni, "Pole kwa msiba." Aliyeliwa hujibu, "Tumeshapoa." Watu hucheka, mchezo huendelea.

Verdiana alipozikwa, Telesphor alifanya kazi ya mtani. Kaburi lilipokuwa tayari, alirukia ndani, akajilaza chali, akafumba macho. "Sitoki!" alipiga kelele kutoka chini. "Huyu Mpimbwe mchoyo hawezi kumlaza dada yangu peke yake. Nileteeni blanketi, nalala naye!" Wanawake waliokuwa wanalia wakacheka katikati ya kilio. Ubaldo, ambaye tangu asubuhi alikuwa kama gogo, akacheka, na kicheko kikamfungulia machozi. Walimpa mtani kuku ndipo akatoka. Udongo ulikuwa umemjaa masikioni. Alipompita Ubaldo alimshika shingo kwa mkono wenye udongo.

Na walipocheza mara ya kwanza baada ya matanga, Telesphor alimla malkia. Kila mtu bandani akatazama miguu yake. Telesphor akasimama, akatoa mkono. "Pole kwa msiba, mtani." Ubaldo aliutazama mkono ule, akaushika. "Tumeshapoa," alijibu. Haikuwa kweli, lakini ulikuwa mwanzo.

Sasa jambo lenyewe ni hili. Bwana Filimbi, mkubwa wa kambi, aliyeitwa hivyo kwa sababu aliwaita watu kama wanavyoitwa mbwa, alitangaza kwamba kwa heshima ya Malkia kutakuwa na michezo, na mshindi wa kila mchezo ataomba jambo moja. "Ombi moja. Mimi sikia. Kama iko nzuri, mimi toa." Kulikuwa na mbio, kuvuta kamba, ngoma, na sataranji. Sataranji walishindana wote, wakabaki wawili. Nani? Ubaldo na Telesphor.

Ubaldo alitaka kuomba nyumba yake. Jambo la kuchekesha, kama lingekuwa la kuchekesha, ni kwamba Telesphor naye alitaka nyumba. Juliana, mchumba wake wa Kabungu, alikuwa amengojea misimu mingi. Baba yake mdogo, aliyemlea, alikuwa amesema wazi: binti yangu haolewi na mtu wa bwenini. Na nyumba za wenye wake zilikuwa zimejaa zote isipokuwa moja, ambayo ilikuwa inakaribia kuachwa.

Wawili hao walilijua hilo. Kwa juma zima walitaniana kuhusu kila kitu chini ya jua, wakaizunguka nyumba ile kama mtu anavyozunguka nyoka njiani.

*

Siku ya sikukuu kulikuwa na baridi ya kipupwe na jua kali pamoja. Bendera zilining'inia. Mshindi wa mbio, kijana wa Shanwe, aliomba pampu ya baiskeli, akapewa. Baiskeli hakuwa nayo, lakini alishangiliwa. Wavuta kamba waliomba ng'ombe, wakapewa mbuzi. Kisha meza ya sataranji ikatolewa nje, ikawekwa mbele ya viti vya Wazungu. Wazungu walitazama kidogo, wakaona hakuna anayekimbia, wakarudia vinywaji vyao.

Marsela alisimama nyuma ya umati na wajukuu zake, mzigo umeshafungwa. Upande wa pili alikaa Juliana, amevaa gauni la njano, na baba yake mdogo aliyeegemea baiskeli kama mtu asiyetaka kukaa sana.

Ubaldo alipata nyeupe. Akamsukuma askari wa pembeni, hatua mbili.

"Tuta!" watu walipiga kelele kwa furaha. "Mpimbwe na tuta lake!"

Telesphor akampeleka askari wa mfalme katikati. Ubaldo akamweka padri kwenye tundu lake. Padri wa Telesphor akatoka mbio, akamla yule askari wa pembeni.

"Tuta limebomoka, mla kiboko."

"Tuta likibomoka, mtani, maji yanakwenda wapi?" Na padri wa Ubaldo akaruka kutoka maficho yake, akamla askari aliyekuwa anajivuna katikati.

Umati uliguna. Baada ya hapo utani ukapungua. Kete zilikwenda na kurudi, kivuli cha bendera kikapita juu ya meza, na kila mmoja alicheza kama mtu anayetembea usiku kwenye nyumba wanamolala watoto. Telesphor alimficha mfalme wake konani. Ubaldo akamrudisha padri kwenye tundu lile lile la mwanzo. Kati ya padri huyo na mfalme wa Telesphor hapakubaki kitu njiani, ila punda mmoja, tena punda wa Ubaldo mwenyewe.

Hapo ndipo alipoiona. Punda akiondoka, padri atakuwa anampiga mfalme. Mfalme atalazimika kukimbia. Na punda huyo huyo, kwa kuondoka kwake, anatua juu ya malkia. Malkia kwisha, mchezo kwisha. Alirudia kuitazama kutoka upande huu, akarudia kutoka upande ule. Ilikuwa kweli.  Nyumba! Kanga ibaki msumarini. Josephina asukwe vibaya lakini asukwe na baba yake.

Mkono ukaenda. Lakini kilabuni kanuni ilikuwa moja: ukigusa, umecheza. Mkono ukasimama hewani juu ya punda.

Maana kilichofuata nacho alikiona. Atamla malkia. Halafu atasimama, atatoa mkono, atasema mbele ya Juliana na baba yake mdogo, "Pole kwa msiba." Na safari hii utakuwa msiba kweli. Mtu aliyelala kwenye kaburi la mkeo ili wewe upate kulia, unamzika mchumba wake na kumpa mkono? Alimtazama Telesphor. Telesphor alikuwa hatazami bao. Alikuwa anautazama mkono, na jasho lilikuwa linamtoka puani katika baridi ile.

"Umeona," Telesphor alisema polepole.

"Nimeona."

"Basi cheza. Unangoja nini?"

Ubaldo aliurudisha mkono magotini. "Mtani, nyumba ina vyumba viwili."

"Ndiyo, ina viwili. Nini?"

"Nyumba inataka mwanamke. Wewe unaye. Mimi nina watoto. Ingia wewe na Juliana chumba cha mbele, mimi na wasichana wangu chumba cha nyuma. Tuseme sare. Tuombe wote wawili jambo moja."

Telesphor alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe haukutoka utani. "Na ukishinda unapata yote."

"Nikishinda nitakula malkia wako. Sitaki kukupa pole leo."

Walitazamana. Kisha Telesphor akatoa mkono juu ya bao, Ubaldo akaushika, na wale waliolijua bao wakashangilia mpaka viti vya Wazungu vikageuka. Waliliona kaburi la malkia, na waliona halikuchimbwa. Watu wa kilabu kile walidhani, maskini, kwamba wanaume wawili wasiofungwa ni washindi wawili. Nani angewaambia kwamba mkubwa huhesabu vingine?

*

"Nani shinda?" aliuliza Bwana Filimbi.

"Sare, Bwana," alisema Ubaldo, ameshika kofia. "Tumelingana. Tuna ombi moja sisi wawili."

"Sare? Hapana shinda?"

"Hakuna aliyefungwa, Bwana."

"Mimi sema mshindi taka ombi. Hapana mshindi, hapana ombi. Hiyo sheria."

Gelasius akadakia, "Mmesikia. Rudini nyuma."

Lakini Telesphor alikuwa ameshafika mbali, hakuweza kurudi nyuma. "Bwana, sikia tu. Nyumba ya huyu. Mimi naoa. Tutakaa wote, mimi na mke wangu na huyu na watoto wake. Mke atakuwepo. Sheria itakuwa imetimia."

Bwana Filimbi alimtazama Telesphor, akamtazama Ubaldo, halafu uso ukamkunjuka. Akawageukia wenzake vitini, akasema jambo kwa Kiingereza, wakaangua kicheko. Kisha akarudi kwa Kiswahili chake ili na wengine wafaidi.

"Bwana mbili, bibi moja? Eh? Leo yeye, kesho wewe?"

Gelasius alicheka wa kwanza, kwa kuwa ndiyo kazi yake. Wakacheka na wengine, wale walioajiriwa juzi, na hata wachache wa kilabu walicheka kabla hawajajua wanachekea nini. Kicheko cha mkubwa ni kama kikohozi, humshika na asiye na mafua. Juliana aliinamisha kichwa, gauni lake la njano likawa kitu pekee kilichoonekana uwanjani. Baba yake mdogo akaishika baiskeli sawasawa.

"Panda," alisema.

"Baba mdogo, hakumaanisha..."

"Panda, nimekuambia. Nimekuleta uone mchumba, sikukuleta uchekwe na Wazungu."

Telesphor akakimbia nyuma yao hadi barabarani. Akasimama pale kwenye vumbi, mikono imelegea. Mzungu mmoja, mwenye huruma labda, alinong'ona jambo, na Bwana Filimbi akaagiza blanketi moja la kijivu lililetwe. Akamtupia Ubaldo kifuani.

"Sare, blanketi moja. Nyinyi kata katikati."

Hawakulikata.

*

Lori la Mamba liliondoka kabla jua halijazama. Ubaldo aliwapandisha watoto mwenyewe, akawafunika blanketi, wakakaa juu ya magunia matupu. Josephina alidhani ni matembezi, akawa anapunga mkono kabla hata gari halijawaka. Regina hakupunga.

"Baba, nani atachagua mchele wako?"

"Bwenini wanapika ugali, mama. Hauna mawe."

Alitia mkono mfukoni, akatoa malkia, yule mweupe, laini kwa kushikwa, akamwekea Regina kiganjani na kuvifunga vidole vyake. "Mtunze. Mimi nitakuja kumchukua, au yeye anirudishe kwenu."

Marsela alikuwa amekaa mbele karibu na dereva, uso ameuelekeza barabarani kama mila inavyotaka. Lori lilipoanza kutetemeka alisema, bila kugeuka, na safari hii bila kumpitishia mtoto: "Ubaldo. Umefanya kiungwana, kama mtoto wa watu." Ni maneno pekee aliyowahi kumwambia mkwewe moja kwa moja. Hata leo hayajapata mwenzake.

Jioni hiyo Ubaldo alitoa vitu vyake: kanga, sufuria, jembe la Verdiana. Gelasius alifunga mlango kwa kufuli jipya.

"Nani anaingia?" Ubaldo aliuliza.

"Haikuhusu."

Hakuingia mtu. Juma likapita, mwezi ukapita. Masika walirundika humo mifuko ya saruji, ikalowa, ikaganda, ikawa mawe ya umbo la mifuko. Kila asubuhi Ubaldo alipita hapo akienda shimoni. Mche wa boga alioupanda Verdiana ulitambaa ukutani, ukafika mlangoni, ukalizunguka lile kufuli, ukachanua. Nyumba ya watu wanne, wakubwa waliiona inafaa kulaza mawe. Halafu wanauliza kwa nini watu walianza kununua kadi za chama cha kudai uhuru.

Bwenini vitanda vyao vilikuwa jirani, chake na cha Telesphor. Bao walikuwa wanaliweka katikati, juu ya kiti. Ukicheza hapo ulikuwa unasikia makapera wakigombana, mtu anapiga zeze mwishoni kabisa, king'ora kinawaita wa zamu ya pili. Telesphor kila Jumapili alikwenda Kabungu kwa miguu kuomba msamaha kwa baba mdogo mmoja mkaidi. Safari za mwanzo alifukuzwa na mbwa. Baadaye mbwa walimzoea. Mwishowe alipewa Juliana, na jembe, na kipande cha shamba huko huko, akaliacha shimo la risasi kwa wenyewe. Lakini hayo yalikuja msimu mwingine. Nataka kuwaacha hapa, kwenye jioni moja ya kipupwe kile, kabla hawajaachana, maana hapa ndipo Ubaldo mwenyewe hupenda kurudi akikaa peke yake.

Walikuwa wanacheza. Ubaldo alianza na askari wa pembeni, kama kawaida. Mahali pa malkia wake aliweka gunzi la hindi, amelikata likasimama. Mchezo ukaenda, na Telesphor, kwa punda mmoja mjanja, akalila lile gunzi. Alilishika juu, akaligeuza mwangani, akasimama wima kati ya vitanda viwili na kutoa mkono kwa sura ya matanga.

"Pole kwa msiba, mtani."

Ubaldo aliutazama mkono ule, mpana, wenye sugu za vigari. Akaupiga kofi la utani.

"Msiba gani, mwizi wa asali? Umekula gunzi. Malkia wangu yuko Mamba, anakua. Kaa chini tucheze."